Mashine ya Mtu wa Kuja

Kijana Grady alikuwa amemvalisha mchinjaji wa Bulengera suti nyeupe na kumwotesha mabawa. Bango alilitundika mbele ya kibanda chake, karibu na soko, ili wapita njia waione kazi yake, nao waliiona na wakaisifu. Marehemu, ambaye maisha yake yote hakuwahi kuvaa kitu cheupe isipokuwa aproni, tena aproni ambayo haikubaki nyeupe kupita saa mbili asubuhi, alisimama juu ya mawingu. Nyuma yake kulikuwa na maghorofa ya Dubai. Kichwa chake kilipinda kidogo kushoto, kwa sababu shingo ilikuwa ya mtu mwingine.

Mama Kahongya alisimama akaitazama shingo hiyo. Kisha akahesabu aina za herufi zilizotumika kumlilia mchinjaji. Zilikuwa saba, na mbili kati yake zilikuwa na maua.

"Mama Préfet!" Grady akatoka kibandani akijifuta mikono. "Unaona kazi? Ya Préfet wetu itapita hii mbali. Papa Phinées alishanipatia picha. Nitamutia mabawa ya dhahabu, na karavati shingoni."

"Mume wangu alikuwa na mikono miwili," alisema Mama Kahongya. "Ilimtosha."

"Mais Mama, batu banapenda..."

"Watu wanapenda mambo mengi, Grady. Ndiyo maana kuna shule."

Akaondoka. Alitembea wima, mkoba chini ya kwapa, kama alivyotembea miaka thelathini kando ya Préfet Kakule Henri, aliyeongoza shule ya sekondari na ambaye mji mzima ulimwita Préfet hata siku alipokuwa amevaa pajama hospitalini. Mwaka ulikuwa umepita tangu azikwe. Mwezi ujao familia ingemaliza kilio: misa, chakula, kijitabu cha maisha yake, na kikwembe cha familia chenye sura yake, ambacho wanawake wote wa ukoo wangekishona na kukivaa mpaka kichakae. Hicho kikwembe ndicho kilichomkosesha usingizi. Kijitabu husomwa siku moja na kufunikia sufuria siku ya pili, lakini kikwembe hukaa miaka kumi. Kinakwenda shambani Musienene, kinabeba mtoto mgongoni, kinapigwa jua kwenye kamba mbele ya macho ya majirani. Kama Henri angekuwa na mabawa, angekuwa nayo kwa miaka kumi.

Kazi hiyo ilikuwa yake kwa haki. Hakuna mtu Butembo aliyepanga kurasa kwa muda mrefu kama yeye. Alianzia katika karakana ya uchapaji ya watawa, akiwa binti wa miaka ishirini na mbili mwenye diploma na kiburi chake, enzi ambazo kosa moja kwenye ukurasa lilimaanisha kuanza upya ukurasa wote. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa, wenzake waliogopa kuigusa. Yeye aliigusa. Tangu hapo alikuwa ametengeneza vijitabu vya daraja takatifu, mialiko ya arusi, matangazo ya vifo, ripoti za mwaka za shule, na hakuna hata mahali pamoja ambapo alitumia aina tatu za herufi kwenye ukurasa mmoja. Mteja aliyetaka ya tatu alionyeshwa mlango, kwa upole, na mara nyingi alirudi. Wale wasiorudi walikwenda kwa Grady, na Mama Kahongya aliona kwamba huko ndiko mahali pao.

Lakini siku mbili kabla, Jumapili, umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, na kompyuta yake ya mezani ikatoa harufu ya mpira ulioungua. Picha na kurasa zote zilikuwa salama kwenye flash, maana hakuwa mtu wa kuiamini mashine moja. Ila mashine yenyewe ilikufa, na Jumatatu comité ya kilio ikakutana sebuleni kwake, ikinywa chai yake.

"Shemeki," alisema Phinées, mdogo wa marehemu, mfanyabiashara wa maharagwe na vikwembe, "mimi samedi asubuhi ninaenda Kampala. Kule njo banachapa bikwembe. Bila fichier mukononi, safari ni ya bure. Sasa weye hauna machine. Donc tumupatie Grady, kazi iendelee."

"Nitapata mashine."

"Lini?"

"Ijumaa jioni utakuwa na faili yako mfukoni, na Jumamosi utasafiri nayo."

Phinées akawatazama wenzake, wenzake wakatazama vikombe. Alikuwa mtu mwenye tumbo la heshima na fikra za duka. Kwake, picha nzuri ni picha yenye vitu vingi. "Bon," alisema. "Mpaka vendredi saa kumi. Ikipita, Grady. Na mimi kusema kweli, yale mabawa siyaone mabaya."

Kwa hiyo Jumanne hiyo, baada ya kumwacha Grady na mchinjaji wake, Mama Kahongya alikwenda moja kwa moja kwa Zorobabel.

Zorobabel aliuza kompyuta zilizotumika katika duka lenye vioo na taa za rangi ya zambarau. Alikuwa kijana wa miaka thelathini aliyejipulizia manukato kama anayefukuza mbu. Hata hivyo hakuwa mtu wa ovyo, maana baba yake alikuwa mzee Valère wa duka la vifaa vya ujenzi, na mzee Valère ndiye aliyesimama shahidi siku Henri na Kahongya walipofunga ndoa. Nyumba hizo mbili zilikuwa zimekula pamoja Noeli ishirini na tano. Kununua kwa Zorobabel ilikuwa kama kununua nyumbani, na hakuna mtu mwenye akili zake ambaye angemwuliza kwa nini amekwenda huko.

"Mama Préfet, kaa. Leteni Mama kiti! Ninajua unachotafuta, Papa Phinées aliniambia." Akatoa mashine nyembamba, ya rangi ya fedha, nyepesi kama sahani, akaifungua kwa kidole kimoja. "Hii njo ya mwisho. Inatoka Dubai. Haiyaguswa na mukono ya hapa."

Akawasha video. Nyanya zilikuwa nyekundu kuliko nyanya, bahari ilikuwa ya buluu kuliko dawa ya kufulia, na mwanamke mmoja alitabasamu kwa meno yaliyomulika duka zima. Wateja wawili waliokuwa wakitazama chaja wakageuka na kusema eh.

"Unaona rangi? Kwa kazi yako ya design, Mama, hakuna ingine. Batu ya design bote banatafuta hii."

Rangi aliziona, na ndizo zilizomtia wasiwasi. Kioo kinachopendezesha kila kitu ni kama rafiki anayekusifu kila siku, huwezi kukitumia kwa kazi. Kwenye kioo kama hicho uso wa Henri ungeng'aa kama shaba, Mama Kahongya angeridhika na kuituma faili Kampala, na huko kitambaani uso ungetoka mweusi kama masizi, macho yasionekane. Alikuwa ameyaona hayo kwa wengine. Ndani ya mkoba wake mlikuwa na flash, na pamoja nayo karatasi moja yenye picha ya Henri aliyoichapa zamani na ambayo rangi zake alizijua kwa moyo. Ilikuwa kazi ya dakika kumi: kufungua picha ile ile, kuishika karatasi kando ya kioo, kuona kama mashine inasema kweli. Halafu kuichomoa kwenye umeme na kuona betri inashika muda gani. Halafu kugonga kila kitufe.

Mkono wake ukaingia mkobani.

Zorobabel aliuona mkono. Tabasamu likamshuka. "Mama Préfet," alisema kwa sauti iliyofika kwa wale wawili wa chaja. "Unataka kupima? Machine yangu? Mimi mutoto ya Valère?"

Mkono ukabaki mkobani kitambo, kisha ukatoka na kitambaa cha kujifutia uso.

Ndivyo ilivyo Butembo. Mtu usiyemjua unampima kitu chake mpaka kiive, naye hakasiriki. Lakini mtoto wa nyumba unayoijua anakupa kitu kwa neno la baba yake, na wewe ukikipima mbele yake, umempima baba. Wafanyabiashara wa mji huu wamepelekeana mizigo ya mamilioni mpaka Asia kwa neno tu, bila karatasi, na wanajivunia. Mama Kahongya naye alilelewa humo, na aliwadharau wasioijua adabu hiyo.

"Niwekee mpaka Alhamisi jioni," alisema.

"Hata bila kusema, Mama. Iko yako."

Bei haikumsumbua, Zorobabel alikuwa ameipunguza kwa ajili ya jina. Kilichomsumbua ni zile nyanya. Usiku wa Jumatano alimpigia binti yake Kaswera, mwalimu huko Beni, akamweleza, na Kaswera akasema kwamba katika commune ya Beu, mlango wa tatu kutoka kwake, kuna fonctionnaire mmoja, mtumishi wa serikali, anayehamishwa na anauza vitu vyake vyote, pamoja na kompyuta. Bei ilikuwa karibu sawa na ya Zorobabel.

"Mtu wa wapi?"

"Wa kule chini, Mama. Wa jimbo la Équateur. Anachoraka plan za viwanja."

"Mtu wa kuja."

"Machine yake inafanya kazi, Mama. Ninaionaka kila siku."

Alhamisi saa moja asubuhi alipanda teksi ya Beni. Barabara ilipitika siku hiyo. Walisimama kwenye vizuizi, wakatoa vitambulisho, wakaendelea, na dereva akawaambia mapema kwamba saa nane kamili anageuza, atakayechelewa alale huko huko, kwa sababu jioni hakai na mtu kwenye ile njia hata kwa dhahabu.

Nyumba ya fonctionnaire ilimpa alichokitarajia. Uani kulikuwa na kreti za chupa tupu, godoro lililofungwa kamba, redio ya jirani ikipiga muziki wa Kilingala kwa watu wasioomba. Bwana mwenyewe, jina lake Ariel, alitoka akiwa na singleti yenye tundu na suruali fupi, saa nne za asubuhi, siku ya kazi.

"Mama na ngai, mama yangu! Karibu. Kaswera aliniambia. Hapana angalia uchafu, tuko naondoka."

"Ninaona," alisema Mama Kahongya, na hakukaa mpaka kiti kilipofutwa.

Mashine iliwekwa juu ya meza ya plastiki. Ilikuwa nene na nyeusi, nzito kama tofali. Kona moja ilikuwa imevunjika na kubanwa kwa skrubu, na herufi A na E kwenye vitufe zilikuwa zimefutika kabisa kwa kuguswa. Kwa sura, ilikuwa mashine ya kumwaibisha mtu mbele ya mteja. Mama Kahongya aliitazama kama alivyomtazama Ariel. Kisha akafungua mkoba, akatoa flash yake na karatasi yake na saa yake ya mkono, akavipanga mezani, akasema: "Nitaipima."

Alitegemea anune. Ariel akacheka mpaka tumbo likaonekana kwenye lile tundu.

"Pima, Mama! Mimi niko mutu ya kuja. Hapa miaka sita kila mutu ananipimaka. Hata nikiuza mukate banauvunja kwanza, banaangalia ndani. Pima malembe malembe, polepole, likambo te, hakuna shida."

Basi akaipima, bila haya yoyote, kwa sababu hakuwa na haja ya kumheshimu. Alifungua ukurasa mweupe mtupu akautafuta madoa kwa pembe, kisha ukurasa mweusi. Aliandika sala ya Baba Yetu yote ili kugusa vitufe, kisha namba, kisha alama. Aliingiza flash kila tundu. Alifungua kijitabu chote cha Henri, kurasa arobaini, akatazama saa. Sekunde thelathini na moja, na mashine yake iliyokufa ilikuwa ikichukua dakika mbili. Akafungua picha kubwa ya kikwembe, akaivuta mpaka jicho la Henri likajaa kioo, akaivuta kushoto na kulia. Haikukwama. Akaweka kiganja chini yake, ilikuwa vuguvugu, si moto. Akachomoa chaja.

"Ulikuwa unachorea nini humu?" aliuliza, ili isiwe kwamba wamekaa kimya kama ndugu.

"Plan, Mama. Parcelle, njia, bornes za mipaka. Mustari ukikosea kidole kimoja kwa ekran, kule inje batu banakatana mapanga. Njo maana nilitafuta machine haidanganye."

Mama Kahongya alisogeza meza karibu na dirisha, akaishika ile karatasi kando ya kioo. Kioo kilikuwa hafifu, hakina mng'aro, hakimfurahishi mtu. Lakini kahawia ya shavu la Henri kwenye karatasi na kahawia ya shavu lake kwenye kioo zilikuwa kahawia moja. Kivuli chini ya pua kilikuwa kivuli kile kile. Koti lake la kijivu, lenye ukosi uliochakaa kidogo upande wa kulia, lilikuwa la kijivu kile kile. Alitazama muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

"Njo Papa?" aliuliza Ariel taratibu.

"Ndiye."

"Yeye hakucheka na mutu."

"Alicheka na waliostahili."

Dakika arobaini zilipita na betri ilikuwa bado na nusu. Ariel akasema, bila hila, kwamba lori la mizigo yake linaondoka kesho alfajiri na kwamba mwalimu mmoja anakuja saa nane kuitazama mashine hiyo. Hangeweza kumwekea. Mama Kahongya akatazama saa. Saa saba kasoro robo.

Akachukua simu, akatoka uani, akasimama kati ya kreti na godoro.

"Zorobabel, mwanangu. Ile mashine iko hapo?"

"Iko, Mama Préfet! Inakungoja."

"Iwashe. Uichomoe kwenye umeme, kisha uniambie baada ya nusu saa betri imebaki ngapi. Halafu nitakutumia picha moja, uifungue, umwite mtu yeyote aniambie shavu lina rangi gani."

"Uko wapi, Mama?"

"Beni."

"Beni kwa nani?"

"Kwa mtu anayeuza mashine."

"Mutu ya kwetu?"

"Hapana."

"Ah bon." Sauti ikapanda. "Donc mutu ya kuja anakuonyesha machine yake, njo unakumbuka kupima ya mutoto ya kwenu. Tena kwa telefone! Papa yangu njo alikuwa témoin ya ndoa yenu, Mama!"

"Baba yako alishuhudia ndoa. Hakushuhudia betri."

Simu ikakatwa. Robo saa baadaye ikalia, na alijua ni nani kabla ya kutazama.

"Shemeki!" Phinées alikuwa akihema. "Unatupeleka wapi? Valère amenipigia. Analia, kabisa, mzee muzima! Anasema umeita mutoto yake mwizi mbele ya duka."

"Nimeuliza betri."

"Ni kitu kimoja!"

Na kwa kweli, kwa Butembo, kilikuwa kitu kimoja. Hilo Mama Kahongya hakulibisha.

"Sikia," alisema Phinées. "Rudi. Pitia kwa mutoto, chukua ile machine, omba pardon, tumalize. Ukinunua ya ule mutu, Valère anasema hatakuja kumaliza kilio. Yeye njo alipaswa kusema neno ya témoin kwa misa. Batu batauliza. Utasema nini? Jina ya Henri itakuwa wapi?"

"Nitakupigia."

Alibaki amesimama. Jina la Henri. Mwaka mzima alikuwa amelilinda kama mtu anavyolinda mtungi kwenye njia yenye utelezi: wadeni aliwasamehe, wapangaji wakorofi aliwatoa bila kelele, waliotaka kumposa aliwapa chai na kuwasindikiza. Na sasa Phinées alikuwa akimfundisha jina hilo lilijengwa na nini.

Yeye alijua lilijengwa na nini. Alikuwapo. Mwaka wa mtihani wa taifa, Henri alisimama mlangoni mwa darasa akapekua mifuko ya watahiniwa, mmoja mmoja, na zamu ilipomfikia mtoto wa Phinées hakumpitisha hivi hivi kwa sababu ni mtoto wa Phinées. Alimpekua mara mbili. Ndani ya soksi alikuta karatasi. Phinées hakukanyaga nyumba yao miaka miwili, akitangaza sokoni kwamba kaka yake amemvua nguo mbele ya mji. Henri aliendelea na chakula chake. Na mji, baada ya kumsema mwaka mzima, ulianza kuwaleta watoto wake kwenye shule hiyo, mpaka madawati yakapungua, kwa sababu wazazi walijua kwamba cheti cha pale hakikutolewa kwa salamu. Hilo ndilo jina. Wanaume hawa waliokunywa chai yake walidhani jina ni kutopimana.

Akarudi ndani. "Nitaichukua," alimwambia Ariel.

"Merci, Mama na ngai! Hela iko?"

"Ipo. Ila vaa shati kwanza, monsieur. Siwezi kumpa mtu fedha akiwa na singleti."

Ariel akamtazama kuona kama ni mzaha. Haukuwa mzaha. Akaingia chumbani, akatoka na shati jeupe lililopigwa pasi, huenda ndilo alilotaka kusafiria, akalifunga vifungo mpaka juu. Mama Kahongya akaandika mwenyewe hati ya mauzo, ili vizuizini asiulizwe amepata wapi mashine ya watu, akamwonyesha pa kutia sahihi. Mwandiko wa sahihi yake ulikuwa mzuri ajabu, mwandiko wa mtu wa ramani. Hilo alilikiri kimoyomoyo na hakulisema. Aliagana naye kwa ncha za vidole.

Saa nane kasoro dakika tano alikuwa kwenye teksi, mashine mapajani, nzito, imefungwa kwenye kitenge. Simu iliita mara nne njiani. Hakuipokea.

Usiku huo aliweka programu zake, na Ijumaa alfajiri akaanza. Kwa saa kumi, akisimama tu kula ndizi moja, alimweka Henri katikati ya kitambaa ndani ya duara rahisi, na koti lake la kijivu, na ule ukosi. Chini yake jina, mwaka wa kuzaliwa na mwaka wa kufa, kwa herufi za aina moja. Kandokando, badala ya mawingu, alichora majani ya kahawa, kwa sababu baba yake Henri aliwasomesha watoto wote kwa kahawa. Umeme ulikatika saa tano. Mashine nene haikushtuka.

Ilipogonga saa kumi Phinées aliingia bila kubisha, kama mtu anayekuja kuchukua alichokwisha kukipata. Alisimama mezani kutazama mashine kabla ya kutazama kazi.

"Hii? Juu ya hii njo ulikosana na Valère? Iko kama tofali ya Musienene."

"Ndiyo hiyo. Tazama kilichomo."

Alikuwa amekwisha kuchapa karatasi ya mfano, akampa. Phinées alivaa miwani. Aliitazama karatasi kwa mbali, akaileta karibu, akaipeleka mlangoni kwenye mwanga. Alitafuta kitu cha kukosoa, ilionekana wazi, midomo yake ikitembea.

"Anafanana na yeye mwenyewe," alisema mwishowe, kwa sauti ya mtu anayelalamika.

"Ulitaka afanane na nani?"

Phinées akachukua kijitabu, akafunua harakaharaka kama anayetafuta upande ambao angeweza kushinda, mpaka akafika ukurasa wa utaratibu wa misa. Kidole chake kikasimama.

"Hapa umeandika Valère. Neno ya témoin, Valère. Shemeki, hatakuja! Amesema kwa kinywa chake. Mutoto yake anazunguka muji muzima anasema machine yake ilikuwa muzuri kuliko hii, na wewe hauwezi kuonyesha kama anadanganya."

"Siwezi," alisema Mama Kahongya. "Pengine ilikuwa nzuri. Hakunionyesha."

"Donc futa jina. Tuweke mutu mwingine, nafasi isibaki wazi. Itakuwa haya."

Mama Kahongya alikitoa kijitabu mkononi mwake, akakifunga, akachomoa flash kwenye ile mashine nyeusi na kuiweka kwenye kiganja cha shemeji yake.

"Valère alikuwa shahidi wa ndoa yangu," alisema. "Hilo ni kweli, na nimelichapa. Akija, atasoma neno lake, nami nitampa mkono. Asipokuja, watu mia nne watasoma jina lake na kutazama kiti kitupu. Haya hiyo haitakuwa ya kwetu. Nenda ukalale, Phinées, Kampala ni mbali."